Nani aongoze mradi wa intraneti ya kampuni: TEHAMA, mawasiliano au mshauri wa nje?

Mdau_Tabata
Wakuu, habari za kazi. Kampuni yetu imeamua kuwa na intraneti, yaani tovuti ya ndani ya wafanyakazi wenyewe, na nimepewa jukumu la kupendekeza wa kuuongoza mradi. Kuna majina matatu mezani. Kijana wetu wa TEHAMA, anaijua mitambo vizuri. Dada wa mawasiliano, anaandika vizuri na kila idara inamfahamu. Wa tatu ni mshauri wa nje, kaja na michoro ya kupendeza na bei yake. Bosi anataka jibu kabla ya kikao cha Ijumaa. Mngekuwa nyie mngemchukua nani?

SevaBaridi
Mkuu, mbona hujasema mko wangapi? Matawi mangapi? Barua pepe zenu ni za Microsoft, Google au za huyo anayewakodisha seva? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

BintiUtumishi
Na ni intraneti ya kufanyia nini? Matangazo, fomu za likizo, au mpaka hati za mishahara? Kama mafaili ya wafanyakazi yatakuwemo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mshauri wa nje ataona nini na hataona nini? Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajagusa chochote.

Fundi_Kodi
TEHAMA, sina hata la kufikiria. Mtu wa mawasiliano hajui nakala za akiba zinawekwa wapi wala nani apewe ruhusa ya folda gani. Atawajazia picha za sherehe tu.

MzeeWaMasjala
Kijana wangu Tabata, ngoja nikueleze niliyoyaona. Kampuni niliyokuwepo zamani walimwachia mtu wa TEHAMA peke yake. Kazi ya mitambo aliifanya vizuri sana, intraneti ikawaka, nembo inang'aa. Ila hakuna aliyeambiwa kwamba ukurasa huu ni wako, ukichacha utaulizwa wewe. Utumishi wakabadilisha fomu ya likizo, wakaiweka mapokezi; ya kwenye intraneti ikabaki ileile. Mtu wa Mbeya anajaza ya zamani, inarudishwa, na tiketi ya basi keshakata. Ukifungua folda unakuta "Likizo mpya", "Likizo mpya sahihi" na "Likizo mpya sahihi tumia hii". Salamu za Idi zilikaa ukurasa wa mbele mpaka Krismasi. Watu wakarudi kupiga simu masjala. Kijana alipopata kazi kwingine, ikabainika akaunti kuu kaisajili kwa barua pepe yake binafsi. Tukabaki kumbembeleza kwa simu. Neno la siri alitupa, muungwana yule, lakini kampuni nzima ilikuwa inategemea hisani yake. Kwa hiyo mimi nachagua anayeweza kumfuata mkuu wa idara ofisini kwake na kumwambia "hii hati yako imepitwa na wakati". Cheo chake si hoja.

Fundi_Kodi
Mzee, shikamoo, lakini hilo ni kosa la uongozi. Huyo kijana alipewa mamlaka gani juu ya utumishi?

MzeeWaMasjala
Marahaba. Hakupewa, na ndiyo hoja yangu.

Mdau_Tabata
Samahani wakuu, niliruka hayo. Tuko kama 140, makao makuu Dar, matawi Mwanza na Mbeya. Karibu nusu ni madereva na watu wa stoo, hawana barua pepe za kazi. Ofisini tunatumia Microsoft 365. Mshauri anataka kutujengea mfumo wake mwenyewe.

SevaBaridi
Loh, hilo ungeanza nalo! Angalia kifurushi chenu. Business Basic na Business Standard vyote vina SharePoint, programu ya Microsoft ya kutengenezea intraneti, yaani mnailipia tayari. Huyo mshauri aeleze kwanza kwa nini mjenge kingine.

Fundi_Kodi
SharePoint nzito kwa mtandao wa mikoani. Wekeni WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwenye seva yenu, mambo yote mnayashika wenyewe.

SevaBaridi
Na masasisho ya usalama atafanya nani huyo kijana akiwa likizo?

Fundi_Kodi
Na mfumo wa watu wakiufunga je? Waliohamia Workplace, mtandao wa ndani wa makampuni wa Meta, waliambiwa Mei 2024 kwamba inafungwa, wakaanza kutafuta pa kuhamishia kila kitu.

BintiUtumishi
Mnabishania mfumo, mwenzenu kauliza mtu. Dada wa mawasiliano mwenyewe kaulizwa kama anataka? Atapunguziwa kazi gani? Mimi ningempa yeye, kijana wa TEHAMA awe msaidizi wake, na mkurugenzi atie sahihi barua inayotaja mwenye kila ukurasa.

Mdau_Tabata
Dada bado hajaulizwa. Nitamwona kesho.

Dereva_Kanda_Ziwa
Na sisi wa barabarani? Matangazo yetu yote yako WhatsApp, na bando tunanunua wenyewe. Mkituwekea intraneti ya kwenye simu, nani analipia?

SevaBaridi
Microsoft wana leseni za F1 na F3 za watu wasiokaa ofisini; F1 ni nafuu kuliko za ofisini. Bando ni suala jingine.

Dereva_Kanda_Ziwa
Ndilo suala lenyewe, kaka. Tabata, bando limo kwenye bajeti yenu?