Nimehamisha tovuti ya Webflow kwenye seva yetu: viungo vya zamani, habari na fomu havifanyi kazi

Muulizaji

Salaam wanajukwaa. Tovuti ya kikundi chetu cha wakulima wa mwani hapa Tanga ilijengwa kwa Webflow, huduma ya kujenga na kuendesha tovuti, na sasa tumeamua kuiendesha wenyewe kwenye seva pepe yenye mfumo wa Ubuntu na nginx, programu inayotoa kurasa kwa wasomaji. Nimepakua faili la ZIP la tovuti kutoka Webflow, nikalifungua na kupandisha kila kilichomo. Ukurasa wa mwanzo unafunguka vizuri na menyu zinafanya kazi, lakini viungo tulivyokuwa tukiwatumia wanunuzi kwa WhatsApp vinaleta 404 (ukurasa haupatikani), orodha ya habari ni tupu, na fomu ya oda haitumi chochote. Je, kuna hatua niliyoiruka?

Jibu la kwanza

Ndugu, hakuna hatua uliyoiruka. ZIP ile hubeba HTML, CSS, JavaScript na picha, yaani sura ya tovuti. Kazi zilizokuwa zikifanywa na seva za Webflow hazimo, na kila moja inabidi uitafutie mbadala.

Hilo la 404 ni jepesi. Kule ukurasa uliitwa `/bidhaa`, lakini kwenye ZIP umekuwa `bidhaa.html`, na menyu zimeandikwa upya kufuata jina hilo, ndiyo maana anayebofya ndani ya tovuti haoni tatizo huku anayetoka WhatsApp au Google akikwama. Katika mpangilio wa nginx weka `try_files $uri $uri.html $uri/ =404;` kisha uipakie upya. Kama uliwahi kuelekeza anwani za zamani kwenda mpya kwa 301 (uelekezaji wa kudumu), ziandike tena humo humo, kwa sababu nazo haziji na ZIP.

Kuhusu fomu, unahitaji kitu upande wa seva cha kuipokea, hata hati fupi ya PHP. Anwani ya hati hiyo na mbinu ya kutuma ya POST ziandike kwenye mipangilio ya fomu ndani ya Webflow kabla ya kusafirisha, usizirekebishe kwa mkono kwenye HTML, la sivyo siku utakaposafirisha tena marekebisho yako yatafutika. Barua zitume kupitia SMTP (njia ya kutuma barua pepe) ya kikoa chenu chenye SPF na DKIM, yaani rekodi zinazothibitisha kuwa barua ni zenu, vinginevyo oda za watu zitaishia kwenye barua taka bila ninyi kujua.

Habari ndizo zenye kazi. Ukifungua ZIP utakuta faili ambalo jina lake linaanza na `detail_`: hicho ni kiolezo kisicho na maudhui. Maudhui yenyewe yapakue kama CSV (jedwali la maandishi matupu), mkusanyiko (Collection) mmoja mmoja, kisha tumia jenereta ya kurasa kama Eleventy, ambayo ikiongezewa kisomaji cha CSV itatengeneza ukurasa kwa kila safu. Nakusihi jambo moja: ndani ya CSV picha zimo kama anwani tu, na faili zake bado zipo kwenye hifadhi ya Webflow. Zipakue zote kabla hamjafunga akaunti.

Jibu la pili

Nakubaliana na maelezo hayo, ila sioni sababu ya kikundi kubeba mzigo wa seva pepe kwa kurasa zisizobadilika. Nani ataisasisha Ubuntu mwenye ujuzi huo akiondoka? Cheti cha usalama wa tovuti (HTTPS) cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na programu ya certbot ikisita kukihuisha, mnunuzi atakutana na onyo la kivinjari na kuondoka zake. Huduma za kuhifadhi tovuti kama Cloudflare Pages na GitHub Pages hutoa cheti zenyewe, na hufungua `/bidhaa` bila mpangilio wowote wa ziada. Netlify, juu ya hayo, hupokea na fomu.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Mstari wa `try_files` umetatua viungo, na hoja ya nani ataitunza seva nitaipeleka kwenye kikao. Kikoa bado kinaelekea kule kule kwa zamani. Nikishakamilisha habari na fomu, kuna tahadhari gani katika kukihamisha?

Jibu la kwanza

Siku moja kabla, punguza TTL (muda ambao rekodi hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) ya rekodi za kikoa hadi sekunde 300, ili ukikosea uweze kurudi haraka. Siku yenyewe badilisha rekodi zinazoelekeza tovuti tu, pamoja na ile ya `www`. Rekodi za MX usiziguse, maana hizo ndizo zinazoleta barua pepe za kikundi.