Mbunifu wa mandhari, fundi wa bustani, au nijipangie mwenyewe?

NyumbaTupu
Wakuu habari za humu. Nyumba imekwisha, tumeshahamia, ila nje ni vumbi na mabaki ya ujenzi. Nataka kuanza kupanga uwanja na nina njia tatu:

1. Mbunifu wa mandhari aliyesomea. Anachora ramani, anachagua mimea, anasimamia mafundi. Ada yake inauma.
2. Kampuni ya pevingi (vitofali vya kupanga chini uwanjani) na bustani. Mchoro wanatoa bure ukiwapa kazi.
3. Mimi na mke wangu tufanye wenyewe, kidogo kidogo.

Jamaa yangu mmoja anasema kumlipa mbunifu ni kulipia mapambo. Mwingine anaapa kwamba nyumba yake ilikuwa nyumba siku alipomaliza uwanja. Wa namba 2 ameshanibana nimjibu wiki ijayo. Mnashauri nini?

KaaChonjo
Kiwanja ukubwa gani? Kina mteremko? Maji ya mvua yanaelekea wapi? Udongo wa aina gani? Mna watoto, mna mbwa, mnaegesha magari mangapi? Mtakaa hapo au mtauza? Mkuu umeomba dawa bila kutaja ugonjwa.

BiKijani
Namba 1, bila kupepesa macho. Watu wanadhani mbunifu anakuja kuchagua maua. Wetu alipofika hakutoka nje kwanza. Aliomba aingie ndani, akasimama kwenye kila dirisha, jikoni, sebuleni, hata chumba cha watoto, akawa anaandika kinachoonekana kutoka pale. Dirisha la jikoni lilikuwa linatazama matangi ya maji na kamba ya nguo. Hatukuwahi hata kuliona hilo kama tatizo, na ndipo mtu anaposimama kutwa.

Halafu akauliza jua linazama upande gani. Sisi tulishapanga kibaraza cha kupumzikia upande wa magharibi. Akatuambia jioni mtakuwa mnakaa ndani mkikitazama. Kikahamishiwa mashariki, magharibi ikapandwa miti miwili ya kivuli, na vyumba vya upande ule sasa vinalalika. Mapambo gani hayo?

FundiMstaafu
Dada BiKijani nakuheshimu, lakini wabunifu wengi hawajawahi kushika koleo. Mchoro haushindilii udongo. Nimepanga pevingi maisha yangu yote na kazi inaharibikia chini, pale ambapo mwenye nyumba haoni.

Mleta mada, ukimpa namba 2, usimuulize rangi ya vitofali. Muulize chini anaweka nini. Njia ya miguu inataka kokoto zilizoshindiliwa sentimita 10 hadi 15, na juu yake mchanga wa kulalia kama sentimita 3, usizidi. Panapopita gari kokoto ziongezwe, na kwenye udongo laini ziongezwe zaidi. Zishindiliwe kwa mashine, tabaka kwa tabaka, si kumwaga zote mara moja na kupitisha mashine juu ili uone vumbi limetimka. Halafu pembeni pote kuwe na kingo za zege, la sivyo vitofali vitaanza kutembea. Akibabaika kwenye majibu haya, mfungulie geti aende.

MtaroWazi
Naandika kirefu kwa sababu hii ya "mchoro bure" imenikosesha usingizi.

Tuliipa kazi kampuni moja, jina naliacha. Mchoro ulikuwa wa rangi, una vimiti na kigari kimeegeshwa, mke wangu aliuweka kwenye friji. Urefu umo, upana umo. Juu na chini hamna. Hakuna namba hata moja inayosema hapa ardhi iwe kimo gani. Na walikuwa wanalipwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo kwa bahati ya ajabu mchoro wao ulikuwa na pevingi kutoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa uzio.

Wakamwaga kifusi, wakapanga, wakaondoka. Pakapendeza, sikatai. Mvua kubwa ya kwanza maji yakatuama mlangoni. Ya pili yakaingia. Baadaye ukuta wa sebule ukaanza kuvimba rangi chini, karibu na sakafu. Ukipitisha kidole unabaki na unga mweupe wa chumvi. Nikawaita, wakasema ni tatizo la mpaka rangi. Mpaka rangi akasema ni tatizo la plasta. Fundi wa plasta hapokei simu.

Mwisho akaja mtu wa kupima na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji. Ncha moja akanishikisha mimi ukutani, nyingine akaenda nayo getini. Maji hayadanganyi: pevingi ya getini ilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili tu kuliko ya ukutani, na katikati walipaacha pamenyanyuka. Yaani nusu ya uwanja wangu ulikuwa unamwaga maji nyumbani kwangu. Na walikuwa wamenyanyua kimo mpaka wakafunika ule mkanda wa kuzuia unyevu unaolazwa juu ya msingi. Unyevu ukawa unauruka mkanda na kupanda ukutani kwa raha zake.

Ikabidi kung'oa pevingi kama mita moja kuizunguka nyumba, kushusha udongo sentimita 15 chini ya mkanda, kuchimba mtaro, kuweka bomba lenye matundu, kulifunika kwa kokoto na kitambaa cha kuchuja. Nimelipa kupanga, nikalipa kung'oa, nikalipa kupanga tena. Ada ya mbunifu ingetoka humo na chenji ikabaki.

FundiMstaafu
Huyo hakuwa fundi. Usitutie wote kapu moja.

MtaroWazi
Mzee wangu, alikuwa na sare, gari lenye nembo, na picha za kazi zake mia kidogo. Mimi mwenye nyumba ningemjuaje?

FundiMstaafu
Ungemwuliza maji yanaenda wapi. Swali moja.

BiKijani
Na ndiyo kazi ya mbunifu huyo huyo mnayemwita wa mapambo, kuuliza swali ambalo mwenye nyumba hajui kwamba lipo. Ramani nzuri ina vimo vilivyoandikwa. Mita 3 za kwanza kutoka ukutani ardhi ishuke kama sentimita 15. Haipo kwenye ramani, basi ile ni picha ya ukutani.

MsomiWaPembeni
Naomba niingilie hapa kwenye "aliyesomea". Frederick Law Olmsted, anayeitwa baba wa fani hii Marekani, hakuwa na cheti chochote cha ubunifu. Alikuwa mkulima, akawa mwandishi wa magazeti, na mwaka 1858 mchoro wake ukashinda shindano la kubuni Central Park ya New York. Kwa hiyo namba 3 msiidharau. Jicho na subira vinatosha.

KaaChonjo
Malizia hadithi, mkuu. Hakuchora peke yake. Mwenzake alikuwa Calvert Vaux, msanifu majengo aliyefunzwa kazi Uingereza. Olmsted alikuwa na jicho, Vaux alikuwa na rula. Na walikuwa na jeshi la vibarua, si mume na mke siku za mapumziko.

MsomiWaPembeni
Hoja yangu haijabadilika. Vyeti havioti majani.

Jioni_Njema
Wakati mnagombania marehemu, mleta mada katokomea.

Mimi niko upande wa BiKijani lakini nina dukuduku. Wa kwetu alisomea, na alipanda vichaka vimebanana ili siku ya makabidhiano papendeze kwenye picha. Kimoja kinataka mita moja na nusu kikikua, yeye kaweka sentimita 50. Sasa vinakabana koo na nusu tunang'oa. Kwa hiyo anayechukua mbunifu amwombe orodha ya mimea yenye upana wa kila mmea ukishakomaa. Uwanja uliopandwa sawasawa huwa na mapengo mwanzoni, yaliyofunikwa kwa matandazo. Mkiona umejaa siku ya kwanza, shtukeni.

NyumbaTupu
Samahani wakuu, kazi zilinibana. Majibu kwa KaaChonjo: kiwanja mita 20 kwa 30. Mteremko upo, geti liko juu, nyumba iko chini kidogo. Udongo sijui, ukilowa unanata kwenye viatu, ukikauka unapasuka nyufa. Watoto wawili, mbwa hapana. Magari mawili. Hatuuzi.

Kwa ufupi tunataka nyasi mbele, miti mikubwa nyuma kwa ajili ya kivuli, na maegesho nyuma upande wa kushoto, pale juu ya tangi la maji taka na mashimo yake, kwa sababu pamekaa tu wazi.

KaaChonjo
Umesema WAPI?

FundiMstaafu
Mwanangu, simama hapo hapo. Gari halipandi juu ya tangi la maji taka wala juu ya sehemu maji yake yanaponywea ardhini. Mfuniko wa kawaida haukutengenezwa kubeba gari, na udongo wa kunywea ukishindiliwa na matairi unaziba, haunywi tena. Na miti mikubwa karibu na pale usithubutu, mizizi inafuata unyevu, itaingia kwenye mabomba. Pale ni nyasi na mimea ya mizizi mifupi basi. Na mifuniko ifikike, siku ya kunyonya itafika tu.

Huyo wa "mchoro bure" kwani hakukuuliza tangi liko wapi?

NyumbaTupu
Hakuuliza. Aliuliza napenda vitofali vyekundu au vya kijivu.

MtaroWazi
Naanza kumfahamu huyo jamaa.

BiKijani
Na geti juu, nyumba chini! Halafu udongo wa mfinyanzi, maana unaonata na kupasuka ndio huo. Unavimba ukilowa, unasinyaa ukikauka, na msingi unacheza nao. Miti mikubwa karibu na ukuta inanyonya maji na kuzidisha kusinyaa. Mkuu kiwanja chako si cha kubahatisha, chukua namba 1.

KaaChonjo
Kabla ya kumlipa yeyote, fanya kipimo kisicho na gharama. Chimba shimo kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, ujaze tena, uweke rula. Yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi kwa saa, udongo wako unakunywa vizuri. Yakibaki pale yanakutazama, kila mtaro na kila shina utakalopanda vinabadilika. Rudia pembe mbili tatu za uwanja. Halafu siku ya mvua chukua mwavuli utoke nje uangalie maji yanapita wapi. Hakuna mbunifu anayejua hilo kuliko mtu anayeishi pale.

Jioni_Njema
Kuna njia ya nne hamjaitaja. Mlipe mbunifu kwa ramani tu, yenye vimo, mitaro na mpangilio wa miti, bila usimamizi. Utekelezaji ufanye kwa awamu na fundi unayemchagua mwenyewe. Ni nafuu sana kuliko kifurushi kizima.

Utaratibu uwe udongo na maji kwanza, kisha mabomba, kisha njia na kuta, mimea mwishoni. Na kabla ya kupanga pevingi, pitisheni mabomba matupu chini yake hata kama hamna kazi nayo leo. Siku mkitaka taa za bustani au umwagiliaji wa matone, mnavuta tu waya au bomba humo humo bila kung'oa kitu.

FundiMstaafu
Hili la mabomba matupu naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila ramani bila usimamizi? Fundi atageuza ramani kuwa kitambaa cha kufutia jasho. Angalau alipie mbunifu aje mara chache, siku ya kuweka vimo na kabla mitaro haijafukiwa.

BiKijani
Haya, leo mzee amekubali mbunifu aje!

FundiMstaafu
Aje na koleo.

Mpita_Njia
Na hii yote inapandisha thamani ya nyumba kweli au tunapigwa? Wauzaji wanasema inapanda sana.

MsomiWaPembeni
Inategemea mnunuzi. Kivuli, njia nzuri na uwanja mkavu kila mtu anavipenda. Ila bustani inayotaka mtunzaji kila siku, kuna mnunuzi anaiona kama mshahara wa kulipa. Na mti uliokomaa hauununui sokoni kirahisi, kwa hiyo kama kiwanja kina mti mzuri tayari, mleta mada usiukate kabla ya ramani. Usiegeshe tingatinga chini yake pia, mizizi mingi iko karibu na juu.

NyumbaTupu
Nimechimba mashimo. La mbele maji yameisha polepole. La nyuma nimelala nimeamka, yapo.

Wa namba 2 kanipigia tena leo, anasema bei ya vitofali inapanda. Nimemwambia asubiri, kanuna. Mbunifu naye yuko tayari kwa ramani pekee, ila anataka nusu ya ada mbele. Bado sijaamua. Mke wangu kaingia na jipya, anataka mianzi kuzunguka uzio wote ili majirani wasituone.

MtaroWazi
Mianzi kuna ya kukaa kichaka pamoja na kuna ya kutambaa. Ya kutambaa inapita chini ya uzio, inaenda kuota sebuleni kwa jirani.

BiKijani
Anaweza kufukia ukingo wa plastiki ngumu pembezoni, kina cha sentimita 60 au zaidi, ncha ya juu ibaki imejitokeza ili mizizi inayoruka ionekane na kukatwa.

FundiMstaafu
Anaweza. Na miaka mitano baadaye atakuwa anafukua na koleo saa kumi na mbili asubuhi. Apande ile ya kichaka, au aongeze uzio kwenda juu, yaishe.

Mpita_Njia
Jirani yangu kapanda ya kutambaa na imeshainua pevingi yangu safu mbili. Nimemwambia, anasema ardhi ni ya Mungu. Hapo anayelipa ni nani, yeye au mimi? Maana nimeshaanza kuikata kwa upande wangu na yeye ndiye amenuna.

KaaChonjo
Fungua uzi wako mkuu. Na uweke picha.