Naomba ushauri: kumpeleka mama Kew Gardens msimu wa baridi

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za leo.

Mama yangu yuko London kwangu, katokea Lushoto. Anapenda maua kupita kiasi, nami nataka kumpeleka Kew, bustani kubwa ya mimea hapa London, kuona nyumba za vioo zinamooteshwa mimea. Shida ni magoti yake, na bustani ile ni zaidi ya hekta 120. Kiti cha magurudumu hataki hata kukisikia, anasema yeye si mgonjwa. Nimejaribu kumtembeza bustani ya mtaani kwetu: baada ya nusu saa anatafuta benchi.

Nimetazama ramani. Palm House, nyumba ya vioo ya miaka ya 1840, iko karibu na lango la Victoria. Temperate House ni kubwa zaidi. Princess of Wales Conservatory ina kanda 10 za hali ya hewa, kuanzia jangwa hadi msitu wa mvua. Mimi naona hiyo ya mwisho ingemfaa, lakini iko upande mwingine.

Jambo jingine ni joto. Nje baridi kali, ndani jasho, miwani inaingia ukungu, na mama na koti lake zito hawaachani.

Kwa mliowahi kwenda na wazee: kama ni kuchagua nyumba mbili tu, mngeanza na ipi, na kwa kuingilia lango gani? Na makoti mliyaacha wapi, au mlizunguka nayo mkononi?

Nimwonye pia: maua ya Usambara (African violets) asitegemee kuyakuta yamestawi kama ya kwao.