Rupia ya 1911 niliyorithi Ukerewe: imelika, au imesafishwa?

Mjukuu wa Nansio aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa shikamooni. Marehemu bibi yangu, mzaliwa wa Ukerewe, ameniachia sarafu sita alizokuwa amezifunga katika kipande cha kaniki ndani ya sanduku la mbao. Ninayoithamini zaidi ni rupia ya Kijerumani ya mwaka 1911 yenye herufi J, ambayo nimesoma kuwa ni alama ya kiwanda cha Hamburg. Ipo pia heller 20, sarafu ndogo ya Kijerumani ya mwaka 1916 iliyopigwa Tabora, na shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ya mwaka 1922.

Jumamosi iliyopita nilivuka na kivuko hadi Mwanza nikamwonesha mnunuzi mmoja. Aliigeuza rupia mara mbili tu, akasema imelika na tena imeoshwa, akanitajia bei ya uzito wa fedha. Heller ya Tabora akaiita takataka kwa sababu taji lake limefifia. Mimi naona rupia ndiyo inayong'aa kuliko zote, na sharubu za Kaisari Wilhelm wa Ujerumani zinaonekana vizuri. Naomba kueleweshwa: mtu anatofautishaje sarafu iliyolika, iliyosafishwa, na ile iliyopigwa chapa vibaya tangu kiwandani?

Mzee wa Bwiru alijibu:

Marahaba mjukuu. Mnunuzi wako huenda amesema kweli kuhusu moja na kukosea kuhusu nyingine, kwa hiyo usimkasirikie kabla hujaziangalia mwenyewe.

Anza na mwanga. Zima taa za chumbani, ubaki na balbu moja ya meza, ushike sarafu kwa ukingo, kamwe si kwa uso, kisha uiinamishe polepole. Sarafu ambayo haijaingia mkononi mwa watu ina mng'ao unaozunguka juu ya uso wake kama spoku za baiskeli inayotembea. Mng'ao huo unatokana na mistari midogo mno ambayo chuma hujichora kinapotawanyika chini ya shinikizo la mashine, nao ukishasuguliwa hakuna dawa ya kuurudisha. Sarafu iliyopolishiwa nayo inang'aa, lakini mwanga wake hauzunguki. Unakaa mahali pamoja kama juu ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika, tukidhani kinachong'aa ndicho kizima.

Baada ya mwanga, tazama sehemu zilizoinuka, kwa kuwa mfuko na vidole hugusa hizo kwanza. Kwenye rupia yako angalia tai aliye juu ya kofia ya Kaisari, kisha shavu, nyusi na sikio. Kwenye shilingi angalia manyoya ya shingoni mwa simba na bega lake. Usitazame tu kama mchoro upo. Tazama rangi. Mahali palipolika hubadilika rangi: fedha hugeuka kijivu kisicho na uhai, na shilingi ya 1922, ambayo ni robo tu ya fedha, mara nyingi huonesha unjano kwenye vilele.

Sasa heller ya Tabora. Hiyo ilipigwa wakati wa vita katika karakana ya reli, kwa mihuri iliyochongwa haraka na mashine zisizokusudiwa kazi hiyo, na ndiyo maana matoleo yake yanatofautiana, mengine yakiwa na taji kubwa na mengine taji dogo. Taji lililofifia si ushahidi wa kulika. Ikiwa sehemu iliyofifia ina rangi na ukwaru uleule wa sehemu inayoizunguka, basi chuma hakikujaa ndani ya muhuri. Ikiwa imekuwa laini na rangi yake imeachana na nyingine, basi imesuguliwa. Nimeona watu wakiziuza bei ya kutupa kwa kutolijua hili. Na ukumbuke kuwa neno letu la hela limetokana na heller hizohizo, ambazo tangu 1904 zilikuwa 100 kwa rupia moja.

Fundi wa Vito Kirumba alijibu:

Naongeza upande wa karakana, kwa kuwa sisi mafundi ndio tunaoletewa sarafu "zitakatishwe". Tafuta lenzi inayokuza mara kumi, uangalie uwanda mtupu kati ya maandishi na uso wa Kaisari. Mikwaruzo ya matumizi huenda kila upande na kila mmoja una kina chake, kwa sababu imetokana na sarafu kugongana na nyingine. Michirizi ya usafi ni myembamba kama nywele, mingi, na huelekea upande mmoja au huzunguka kufuata kidole cha msafishaji. Chunguza pia kwenye pembe za herufi, kwa sababu kitambaa hakifiki huko: ukikuta weusi wa zamani umebaki pembeni mwa herufi wakati uwanda ni mweupe pe, jibu umelipata.

Pima na uzito. Rupia ilitoka kiwandani na gramu 11.66, hivyo mizani ya sonara itakuambia imepoteza kiasi gani, na pia itakushtua kama ni ya bandia. Mwisho, kagua ukingo wa juu, kichwani mwa Kaisari, kwa maana bibi zetu wengi walizivaa kama kidani, na alama ya risasi ya kuunganishia hupunguza thamani kuliko kulika kwenyewe.

Mjukuu wa Nansio alirudi:

Nawashukuru sana wazee wangu. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Rupia ina gramu 11.58, ukingo ni mzima, lakini manyoya ya kifua cha tai yamelala na yamekuwa kijivu, na uwanda wote umejaa michirizi inayoelekea upande mmoja. Ndani ya herufi za GUILELMUS, jina la Kaisari kwa Kilatini, nimekuta ungaunga mweupe uliokauka, ambao mwanzoni nilidhani ni chokaa. Nilipompigia shangazi akacheka, akaniambia ni dawa ya meno. Mjomba alizisugua kabla ya arusi moja ili ziwekwe kwenye sinia. Kwa bahati heller ya Tabora hakuigusa, kwa kuwa aliiona mbaya tangu awali. Taji lake lina rangi ileile ya kahawia kila mahali.

Mzee wa Bwiru alijibu:

Basi mnunuzi alikuwa sahihi kuhusu rupia. Kipimo cha Sheldon cha hali ya sarafu, kinachoanzia 1 hadi 70, kingeiweka mahali pazuri kwa mchoro wake, ila kampuni za upimaji za Marekani huinyima namba sarafu iliyosafishwa hivyo, na badala yake huandika kwamba imesafishwa. Ungaunga huo usiuchokonoe kwa sindano. Heller usiiuze kwa mtu huyo, na usiirudishe kwenye kaniki. Unyevu wa ziwa hunaswa na kitambaa na kuotesha kutu ya kijani. Iweke katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na dirisha linalotazama maji. Ile shilingi hukuisema: manyoya ya simba yana rangi gani?

Mjukuu wa Nansio alijibu:

Ya njano, mzee, na bega pia.