Nesi wa diploma Kisumu: nisomee infomatiki ama nibaki wodi? Naomba ushauri

SistaKondele
Hamjambo wadau. Mimi ni nesi wa diploma, niko leba wodi hapa Kisumu, hospitali sitaitaja. Tangu mfumo wa kompyuta uingie mimi ndio naitwa kila pahali, huyu amesahau paswadi, yule haoni pa kuweka presha, hata nikiwa ofu simu inalia. Sasa matroni anataka niende nisomee infomatiki ya afya, yaani mambo ya kompyuta na data za wagonjwa, na mimi roho yangu ilikuwa digrii ya unesi niendelee kuzalisha. Kinachoniuma ni kuandika mara mbili, unajaza MOH 333, ile rejista ya karatasi ya wazazi, alafu unarudia yote kwa kompyuta na mama njia imefunguka sentimita nane, karibu kuzaa, anakuita. Naogopa nikiingia huko nitakuwa mtu wa kurekebisha printa. Nifanyeje?

RekodiNakuru
Sista, mimi ni mtu wa rekodi huku Nakuru, nilisoma chuo cha KMTC. Tafadhali nenda. Kazi yangu naijua, mwisho wa mwezi najumlisha ripoti ya MOH 711 naingiza kwa KHIS, ule mfumo wa taifa wa takwimu za afya, lakini sijui nesi akishika shifti anaangalia nini kwanza. Fomu ikitengenezwa na mtu hajawahi kushika patografu, ile chati ya kufuatilia leba, inakuja na visanduku vya kujaza namba tu, ile grafu haionekani, na si maana ya patografu ni uone kwa jicho moja kama leba imekwama? Fundi wa kompyuta hawezi jua hiyo mpaka nesi amwambie, na awe nesi anayeelewa lugha ya fundi pia.

OnyangoRN
Mimi napinga kidogo. Digrii kwanza. Matroni anakuambia nenda, sawa, lakini nani analipa karo, na ukirudi utapandishwa ama utabaki pale pale na simu zile zile? Enda HR uulize na wakujibu kwa barua. Maneno ya korido hayapandishi mtu daraja.

MamaMstaafu_Kakamega
Binti yangu, usitenganishe hivyo vitu. Mimi nilikuwa enrolled, nesi wa cheti, nikapanda kuwa registered, nesi wa diploma, kwa ile masomo ya mtandao ya shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi iliyoanza 2005, kazini mchana, jioni kwa kompyuta, na watu walisema hatutaweza. Hata Florence Nightingale alitoka vita vya Crimea akachora takwimu, 1858 hiyo, akaonyesha wakubwa kwamba askari waliuawa zaidi na magonjwa ya kuzuilika kuliko majeraha. Kuhesabu wagonjwa wetu ni kazi yetu tangu zamani.

Eldy_Nesi
Na usidhani hii kitu imetoka ng'ambo peke yake. Hapa Mosoriot karibu na Eldoret walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta 2001, kutoka hapo ikaja OpenMRS 2004, programu ya rekodi za wagonjwa, na hii KenyaEMR ya kliniki za HIV imejengwa juu ya hiyo OpenMRS. Kuhusu kuandika mara mbili usingoje shule. Kaa na in-charge, mlinganishe rejista na skrini, kila kitu kinachojirudia mkiandike, mpeleke kwa mkutano wa wasimamizi na muulize rejista itaachwa tarehe gani. Lakini mbaki na fomu za karatasi za wakati stima imepotea, hiyo ni lazima. Na mambo ya paswadi moja wodi nzima mkatae kabisa, sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na kosa likitokea itaonekana ni wewe.

SistaKondele
Asanteni sana, kweli nimepata nguvu. @OnyangoRN hiyo barua naiomba wiki hii. @Eldy_Nesi kulinganisha tutaanza na fomu ya leba, in-charge amekubali. Sasa nauliza, kuna nesi hapa amesoma infomatiki akiendelea na kazi? Night ulipangaje, na wenzako walikubali kubadilishana shifti?

Eldy_Nesi
Kuna mwenzangu yuko mwaka wa pili, alibadilishana night na wenye watoto wadogo, yeye anachukua wikendi zao na wao wanampa siku za darasa. Nicheki inbox nimuulize kama naweza kukupa namba yake.