Naombeni ushauri: tuandike "suluhu", "mapatano" au "makubaliano"?

Kijana_Mwandiga:
Wakuu, habari za saa hizi. Niko Mwandiga, Kigoma. Baba mdogo na jirani yake walikuwa wanagombea mstari wa michikichi ulio mpakani. Wazee wamekaa nao, yamekwisha: mpaka unapita kwenye mstari huo huo na mikungu watagawana nusu kwa nusu. Kazi ya kuandika nimetupiwa mimi, kisa nimesoma. Nikaandika "Hati ya Suluhu". Baba mdogo kaisogeza karatasi pembeni, dole gumba hajaweka: "Suluhu ya nini, kwani tulipigana?" Jirani anataka "Mkataba", mzee mmoja anasema "Mwafaka". Niandike lipi wote wasaini, na huko mbele karatasi iwe na nguvu? Natanguliza shukrani.

Mwl_Ujiji:
Baba yako mdogo ana hoja. Suluhu haiji mpaka watu wawe wamekosana au wameshindana. Hata mpira ukiisha bila mshindi tunasema timu zimetoka suluhu. Mapatano yana sura mbili: sokoni tunapatana bei bila ugomvi wowote, ila ukisikia fulani na fulani hawapatani, ujue hata salamu hakuna. Mwafaka ni neno zuri, lakini tangu CCM na CUF watiliane saini kuhusu Zanzibar, 1999 na tena 2001, masikioni mwa wengi linanukia siasa. Zito kuliko yote ni maridhiano, maana hapo moyo nao umeridhia. Mkataba wa Burundi uliosainiwa Arusha Agosti 28, 2000 uliitwa wa amani na maridhiano, na sisi wa huku tuliopokea wakimbizi tunajua kwa nini. Michikichi yenu haijafika huko. Andika "Makubaliano".

Mha_Original:
Andika MKATABA umalize kazi. Wazee wakishaondoka, watoto watakuja kutoana macho.

Sikonge_Tbr:
@Mha_Original jina peke yake halisaidii. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinayahesabu makubaliano kuwa mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo (si lazima fedha, hata kitu ambacho kila upande unatoa au kuacha) na lengo halali. Anayesikiliza kesi atasoma kilichomo, siyo kichwa cha habari. Kwa hiyo mtoa mada, hangaika na kilichomo: mpaka unaanzia wapi na kuishia wapi, michikichi mingapi, nani anavuna lini, mashahidi wa pande zote, tarehe. Wake zao nao wasaini. Na msitegemee baraza la kata litawaamulia mkikorofishana. Tangu sheria ibadilishwe 2021, kwenye ardhi kazi yake ni kusuluhisha tu.

Kijana_Mwandiga:
Nashukuru wakuu. Itakuwa "Makubaliano ya Mpaka na Mavuno". Mwalimu, ndani niandike "wamekubaliana" au "wameafikiana"?

Mwl_Ujiji:
Yote sahihi. Ila utamsomea baba mdogo mstari kwa mstari, na akikwama kwenye "wameafikiana" mtaanza upya. Weka "wamekubaliana".

Mama_Mawese:
Na mchikichi ukifa, nani anapanda mwingine, na huo mpya ni wa nani?

Kijana_Mwandiga:
Duh, mama, hilo halikuzungumzwa kabisa. Ngoja nirudi kwa wazee kabla sijachapa.