Kijana wangu wa saiti aliona kosa akanyamaza. Anarekebishika huyu?

Fundi wa Goba
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi ujenzi, nina vijana tisa, kwa sasa tuko Goba. Kuna mmoja amebadilika mpaka timu nzima inaharibika. Alianza kwangu miaka mitatu iliyopita akibeba karai, hajui hata kushika mwiko. Saa kumi na mbili kasoro yuko saiti, wenzake ndiyo wanaamka. Mchana wengine wamejilaza kivulini, yeye anaomba ramani, anauliza nondo ya milimita 12 inakaa wapi na ya 10 inakaa wapi. Sasa mwezi wa pili huu ni mtu wa "sijatumwa".

Jumamosi tumemwaga jamvi, ile sakafu ya zege ya juu. Tumeanza saa moja, mashine inazunguka, makarai yanapanda ngazi mkono kwa mkono. Zimebaki kama mita mbili zege lifike kona ya jikoni, naona nondo zimelala juu ya mbao, biskuti hakuna hata moja. Ikabidi tusimame. Wawili wananyanyua nondo kwa mtaimbo, wengine wanachomeka biskuti, na zege halilali, linaanza kukaza huku unaliangalia. Jioni naambiwa yule kijana aliiona ile kona tangu Ijumaa. Nikamuuliza. Akanijibu, "Fundi, mimi ni wa karai."

Leo tunatoa mbao na bado kichwa kinaniuma. Naombeni ushauri.

Mama Tunu
Baba, mimi biskuti nazijua za chai tu. Hizo za kwenye nyumba ni zipi?

Nondo 16
Ni vidonge vya zege, mama, vinakaa chini ya nondo isiguse mbao, zege lipate kupita chini yake. Nondo ikibaki wazi inashika kutu, inavimba, dari linaanza kubanduka. Hapo mwenye nyumba anamtafuta fundi, simu haipatikani.

Mzee wa Gati
Fukuza. Mimi nimebeba magunia ujanani, tunapanga mpaka juu kabisa. Mmoja akilegeza mikono, gunia linamshukia aliye chini. Tulikuwa na jamaa mmoja, nguvu anazo, moyo hana. Mwenzetu akavunjika bega. Mpaka leo nikimkumbuka nasikia uchungu. Mtu wa hivyo hafundishiki.

Binti Ipogolo
Mtu hakai miaka mitatu akiwahi alfajiri halafu anaamka siku moja mvivu. Miezi miwili iliyopita kulitokea nini?

Fundi wa Goba
Hakuna kilichotokea dada. Namlipa 15,000 kwa siku, kila Jumamosi, sijawahi kumkopa.

Binti Ipogolo
Nondo za hilo jamvi alisuka nani?

Mama Tunu
Swali zuri hilo. Hata mimi nimewahi kumnyamazia bosi mgahawani, chumvi imezidi kwenye pilau la watu hamsini. Alikuwa amenitukana mbele ya wateja. Bado naona aibu, maana wale watu hamsini hawakunikosea.

Fundi wa Goba
Nondo kasuka mdogo wangu. Amekuja kutoka nyumbani miezi miwili iliyopita. Ni kweli yule kijana nilimwambia jamvi la mwaka huu atasuka yeye, aanze kulipwa kifundi. Lakini mama alinipigia simu analia, dogo hana kazi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Na ahadi siyo mkataba. Hata hivyo nimeshapata kijana mwingine Iringa, nauli nimetuma. Huyu wa hapa bado sijamwambia.

Ustadhi Mpole
Kaka, Mtume (S.A.W.) ametuambia tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ahadi uliyompa ilikuwa sehemu ya ujira. Alikufanyia kazi miaka mitatu akiitegemea.

Mzee wa Gati
Hata kama. Kosa la fundi halimpi ruhusa ya kuacha nyumba ya mtu iharibike. Angesema, halafu agombee haki yake.

Nondo 16
Ngojeni kwanza. Jamvi amwage Jumamosi, Jumatatu atoe mbao? Mirunda inayobeba mbao za chini tunaiacha wiki tatu, wengine siku 28. Hii chai, tena ya rangi. Huyu hajawahi kushika koleo.

Mama Tunu
Jamani, kumbe nimetoa siri yangu ya pilau kwa mtunga hadithi?

Fundi wa Goba
Mbao za pembeni, mkuu. Za chini na mirunda viko palepale. Siwezi kuchezea jamvi la mtu.

Nondo 16
Na maji nani anamwagilia? Jamvi la siku mbili na jua hili la Dar linataka maji asubuhi na jioni. Jana ilikuwa Jumapili, vijana wako wamepumzika. Jibu hilo.

Binti Ipogolo
Fundi, mbona kimya?

Fundi wa Goba
Jana saa kumi jioni nilipita saiti nikijua nitamwagilia mwenyewe. Nimemkuta yeye, peke yake, ameshika mpira wa maji, suruali amekunja mpaka magotini. Ile kona ya jikoni ameizungushia tuta la mchanga maji yasitoke. Sikumtuma. Hakunisalimia, nami sikusema kitu, nikageuza pikipiki.

Binti Ipogolo
Na huyo wa Iringa?

Fundi wa Goba
Kanipigia sasa hivi. Basi limepita Mikumi.